Amevaa glovu, lakini mikono je?

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Mama yangu amelazwa siku ya nne sasa, ana dripu. Jana muuguzi aliingia akiwa tayari amevaa glovu, akavuta pazia, akasogeza kitanda, kisha akashika mpira wa dripu na kupitisha dawa. Roho ilisita, lakini nikanyamaza kwa kuwa ana glovu. Nilikosea?
*Binti wa mgonjwa*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Roho yako ilisita kwa haki. Glovu ikishagusa pazia na chuma cha kitanda, huokota vijidudu sawasawa na mkono mtupu. Na mahali dripu inapoingia ndipo ninapopahofia kuliko pote, maana ule ni mlango wa kwenda moja kwa moja kwenye damu.

Ilivyotakiwa ni atakase mikono, avae glovu safi pale pale kitandani, asugue kizibo cha dripu kwa spiriti, akiache kikauke, ndipo apitishe dawa. Akizivua, atakase mikono tena: glovu huweza kuwa na vitundu visivyoonekana, na uchafu huhamia mkononi wakati wa kuzivua.

Nilipokuwa mwanafunzi nilitoka kitanda hadi kitanda na glovu zile zile, nikijiona mwangalifu. Mkuu wa wodi akanishika kiwiko, akauliza taratibu: "Hizo umemvalia nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejivalia mwenyewe.

Kwa hiyo sema, tena mapema, kabla hajamgusa: "Dada, samahani, naomba utakase mikono kwanza." Wapo watakaonuna. Mwaka 1847 kule Vienna, Austria, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa wodi ya wazazi kunawa mikono kwa maji ya klorini. Vifo vya kina mama vikashuka sana, na bado wapo wenzake waliochukia. Mama yako ni wa thamani kuliko uso uliokunjwa kwa dakika moja.

Na wewe pia, ukiingia na ukitoka: dawa ya mikono yenye spiriti, sekunde 20 hadi 30. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mgonjwa akiharisha, tumia sabuni na maji, kwani baadhi ya vijidudu vya kuharisha spiriti haiviui.

Kila siku uliza kama dripu bado inahitajika. Ukiona uvimbe, ukihisi joto, au mama akilalamika maumivu pale ilipoingia, waite hapo hapo, usingoje zamu ibadilike.