Ukichagua mbegu ya mpira, pima uliokauka

Vijana wengi wa huku Malindi, hasa wenye mashamba upande wa Gede, waniuliza kama mpira unalipa, na mi nawaambia tuongee kwanza habari ya mti. Mpira wa dunia utokao mitini, karibu wote watoka kwa mti uitwao Hevea, mwingi walimwa Asia, na Hevea yataka mvua karibu mwaka mzima, sio mvua yetu hii. Ndo nikaanza na huu mpira unaofanana na muhogo, Manihot glaziovii, asili yake Ceará kule Brazil kukavu, Wajerumani waliupanda sana Tanganyika mpaka bei ikaanguka 1913.

Nilikata vijiti kwa miti sita, kila mti nikaupa herufi, nikapanda kila herufi mstari wake. D ikanawiri kupita zote, nikatangaza D ndio mbegu. Kumbe mstari wa D ulikuwa bondeni maji yanakotuama, nilipoirudia juu kwenye mchanga ikawa ya kawaida tu, na miaka mitatu yangu ishaenda, iliniuma. Kwa hio changanya, kila aina ikae vipande vitatu au vinne mbali mbali shambani, na ipi ikae wapi piga kura kwa vikaratasi, usichague wewe.

Kugema ni alfajiri, mgema wa tembo hahitaji kufundishwa hili. Mti ukiwa umejaa maji utomvu washuka vizuri, jua likipanda unakatika. Mi nilikuwa naanza A saa kumi na mbili nafika F saa tatu halafu eti nalinganisha! Sasa nageuza zamu kila siku.

Alafu, na hapa ndipo watu wengi wanapotea, usipime utomvu kwa kikombe. B ilikuwa yanijazia kikombe, C robo tu. Nikatia ndimu ukagandamana kama maziwa ya mgando, nikaukamua, nikausukuma kwa chupa, nikauanika kivulini mpaka ule weupe ukaisha, nikapeleka kwa sonara kwenye mizani yake ndogo. B ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, C ndio nzito. Kisha vuta kipande kwa vidole, kikinata sana jua utomvu una ulimbo mwingi, na mpira wa namna hio thamani yake ndogo.

Kuna aliyenitumia picha za guayule, kichaka cha jangwa la Mexico. Ule haugemwi, mpira umo ndani ya seli za gome, mti mzima wasagwa, kwa hio asilimia ya mpira peke yake haisemi kitu mpaka uzidishe na uzito wa kichaka kikavu. Tena wajaza mpira wakati wa usiku wa baridi, na Malindi baridi hio twaitoa wapi?

Sasa C na E ziko ardhini tena, zimechanganywa na D. Anotaka vijiti aje masika yakianza, aje na daftari.