Hospitali ikidai amana kabla ya kumtibu majeruhi

Pole kwa yaliyompata nduguyo, aliyejeruhiwa ajalini; umeuliza kama hospitali ilikuwa na haki ya kumkalisha mapokezini hadi mlipe amana. Hapana, hospitali nchini Kenya hairuhusiwi kumkalisha majeruhi wa ajali mapokezini hadi amana ilipwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 3 kwa hospitali iliyokosa kuyatoa ilhali ina uwezo. Kwenye "uwezo" ndipo watajitetea, lakini kuimarisha hali ya mgonjwa na kumpangia rufaa ya kwenda hospitali nyingine pia ni sehemu ya matibabu hayo. Liandikie baraza la madaktari, KMPDC, ukiambatisha nakala za risiti na barua ya rufaa. Taja saa mliyofika na saa aliyohudumiwa. Bila saa hizo, kucheleweshwa ni vigumu kuthibitisha.