Diani hadi Tiwi kwa miguu

Ndugu, umeuliza kama mnaweza kutembea ufuoni na watoto kutoka Diani hadi Tiwi, kusini mwa Mombasa. Inawezekana, ila kabla hujatoka Nairobi tazama jedwali la maji kujaa na kupwa. Kikwazo ni mto Mwachema, pale Msikiti wa Kongo. Maji yakipwa watu huvuka kwa miguu. Yakijaa, msijaribu, hata mkijua kuogelea. Ondokeni maji yakiwa bado yanashuka, mpate muda wa kurudi. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali lakini hurudi kwa kasi. Muulizeni mvuvi wa hapo. Anajua kuliko simu yako. Vaeni viatu, miambani kuna miiba ya wanyama wa baharini. Mtoto akichomwa na ikakatikia ndani, msichokore, mpelekeni zahanati.