Miguu ya mama inawaka usiku, mchana haisikii jiko

Mkuu, umeandika kwamba mama yuko Uyole, Mbeya, ana kisukari mwaka wa 12 sasa, anameza metformini, usiku miguu inawaka moto mpaka anaitoa nje ya blanketi kwenye baridi hii ya Juni, na mchana anajisikia kama kavaa soksi ilhali yuko peku. Duka la dawa wamempa vidonge vya vitamini B na diklofenaki. Jioni anaota jiko la mkaa. Unauliza dawa gani itaondoa huo moto. Dawa tutafika, ila kwanza mwondoleeni hilo jiko miguuni.

Hiyo "soksi" ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko moto. Mishipa ya fahamu iliyo mirefu huharibika kwanza, ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu, ikapanda unyayo na kifundo, na baadaye sana ikagusa ncha za vidole vya mikono. Mshipa ulioharibika unachoma pasipo kitu, halafu pakiwa na kitu kweli unanyamaza. Mama anaona baridi, anasogeza mguu kwenye mkaa, hasikii umetosha, anausogeza tena. Kesho yake kuna lengelenge na hajui limetoka wapi. Chupa ya maji ya moto kitandani hufanya hivyohivyo, polepole zaidi. Na jiko likiwa chumbani na mlango umefungwa, hewa ya mkaa inaweza kuua nyumba nzima, mwenye kisukari na asiye nacho.

Apate joto kwa soksi za pamba au sufu zisizobana, zivaliwe nje-ndani ili mshono usisugue vidole. Maji ya kunawa miguu yawe vuguvugu, yasizidi nyuzi 37, na ayapime kwa kiwiko, asiyapime kwa mguu. Kuloweka miguu kwenye maji ya chumvi nusu saa, kama wengi wanavyoshauri, kunailainisha ngozi na kuipasua. Kitunguu swaumu kilichopondwa kikifungwa mguuni kinaunguza ngozi kabisa.

Ganzi unaweza kuipima leo hii bila kifaa. Mama alale, afumbe macho, miguu wazi. Mwambie aseme "kulia" au "kushoto" kila anapoguswa. Gusa kwa ncha ya kidole chako cha shahada, kwa wepesi, sekunde 1 hadi 2, bila kubonyeza wala kusugua: ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na cha mwisho, kulia na kushoto. Jumla sehemu 6. Asipozihisi 2 au zaidi, huo ni mguu wa hatari na kliniki waambiwe. Wengi wanakosea hapa: wanauliza "umesikia?" kila wakigusa, na mzazi anaitikia ndiyo ili asikusumbue. Nyamaza, gusa bila mpangilio. Alipokosa usirudie.

Kuanzia hapo miguu ikaguliwe kila jioni. Kioo kidogo kikiwekwa sakafuni kinaonyesha unyayo; asiyeona vizuri akaguliwe na mjukuu. Tazameni katikati ya vidole, maana ndiko unyevu hukaa na fangasi huanzia. Pakausheni vizuri. Mafuta ya mgando yapakwe kisigino na unyayo, lakini si katikati ya vidole. Kucha zikatwe moja kwa moja, pembe zisichimbwe. Suguru haikatwi kwa wembe hata siku moja. Chini ya suguru ngumu mara nyingi kuna kidonda tayari, mpelekeeni mhudumu aiondoe.

Sasa hii ya kutoa miguu nje ya blanketi. Nyumba nyingi za kwetu mahindi yamo ndani, na panya wamo. Panya hutafuna vidole vya mtu mwenye ganzi usiku kucha naye asiamke; vidonda vya aina hiyo kwa wenye kisukari vinajulikana Tanzania, msione ni vitisho. Kinachomuudhi mama ni blanketi kugusa ngozi. Chukua katoni imara, kata pande mbili zinazotazamana ibaki kama daraja, iweke upande wa miguuni, blanketi lipite juu yake na kingo zichomekwe chini ya godoro. Miguu inapata joto, haiguswi, na panya hawaifikii kirahisi.

Viatu: kandambili zinachomoka bila yeye kujua, na mabuti ya mvua ya shamba bila soksi yanachubua kwa jasho. Mkinunua mtumba pale Mwanjelwa, nendeni mchana baada ya saa 8, miguu ikiwa imevimba kidogo. Chora mguu kwenye karatasi la manila akiwa amesimama, kata, ingiza kwenye kiatu. Karatasi likijikunja, kiatu ni kidogo, hata akisema kinamtosha. Mbele ya kidole kirefu ibaki sentimita 1 hivi. Pitisha mkono ndani kutafuta msumari, na kila asubuhi kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kiatu kipya avae saa 1 siku ya kwanza, avue, akaguliwe.

Haya, dawa. Diklofenaki haifai kwa maumivu haya, na kwa mwenye kisukari inaweza kuumiza figo, aiache. Vitamini, soma boksi. Vidonge vingine vina B6 miligramu 100 hadi 200 kila kimoja, na B6 ya kiasi hicho kwa miezi mingi inaharibu mishipa ileile unayotaka kuiponya. Muhimu kwa mama ni B12, kwa sababu metformini ya miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wake na upungufu wa B12 huleta ganzi hiihii. Aombe apimwe, ikipungua, ipo sindano. Chakula chenye B12 ni maini, nyama, mayai, maziwa, usipa wa Ziwa Nyasa. Viazi, maharage na mboga havina. Metformini asiiache kwa kusoma haya.

Dawa ambayo madaktari wengi huanza nayo ni amitriptilini, miligramu 10 au 25 usiku, ikipandishwa taratibu. Anayelala saa 4 aimeze saa 2. Akiimeza wakati wa kulala anaweza kuamka na uzito wa kichwa na kuilaumu dawa. Huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha kazi, lakini wengi huiacha siku ya tano. Hukausha mdomo, huleta choo kigumu na kizunguzungu anapoinuka, kwa hiyo tochi iwe kando ya kitanda na akae kwanza ukingoni. Mwenye shida ya moyo, presha ya macho au tezi dume amwambie daktari mapema. Nyingine ni gabapentini, ambayo dozi yake hupunguzwa figo zikiwa dhaifu. Maumivu yakipungua nusu, dawa imefanya kazi. Haziondoi ganzi. Na asichanganye na ulanzi wala komoni. Pombe yenyewe ni sumu ya mishipa hiyo.

Sukari ikishuka haraka sana baada ya kubadilishiwa dawa au kuanza insulini, moto unaweza kuzidi kwa miezi kadhaa kabla ya kutulia. Asiache insulini kwa hilo, aongee na daktari.

Wanaosoma wakiwa kwenye dawa za TB: isoniazidi huleta ganzi hii, ulizeni kama mmepewa B6. Mwenye baka la ngozi lisilohisi kitu apimwe ukoma, dawa zake ni bure.

Usisubiri siku ya kliniki kama kuna kidonda chochote, hata kisichouma, au miguu ikilegea ndani ya siku chache na ulegevu ukawa unapanda. Vilevile mguu mmoja ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, bila maumivu makali. Huo watu huukanda wakidhani umeteguka, kumbe huenda mifupa inavunjika ndani. Asiukanyage, apelekwe siku hiyohiyo.