Hilo neno ni mtoto wa nani?

Mwanangu Aikande,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nje kwenye benchi la babu yako maana ndani umeme ulikuwa umekatika. Unasema msimamizi wako amerudisha pendekezo la utafiti na kuandika kwamba vyanzo ni dhaifu: tovuti tatu, pamoja na kitabu ulichotajiwa na programu ya akili mnemba, ambacho mkutubi amekitafuta mpaka akakwambia hakipo. Unaniuliza kama uachane na mada ya mifereji ya kwetu ya kumwagilia mashamba, uchukue nyepesi.

Nitakujibu. Lakini hicho kitabu kimeninyima usingizi. Kina jina, kina mwandishi, kina mwaka, na hakuna aliyekiandika. Ile programu haikwenda kabatini kukutafutia, mwanangu. Inapanga maneno yanayoelekea kufuatana, na jina la kitabu nalo kwake ni maneno tu. Ni kama mgeni aliyejua namna ukoo wetu unavyopeana majina: ukimwuliza mjomba wa bibi yako aliitwa nani, atakutajia jina zuri la Kichaga, na wewe utaitikia.

Unakumbuka babu yako alivyomwuliza kila mtoto aliyekatiza kihambani, shambani kwetu nyumbani: "Wewe mtoto wa nani?" Hakuwa mkali. Alitaka kujua amkate ndizi au amrudishe kwao. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo, na kaka yako alikuwa anakereka, lakini nasema tena: kila neno lina mzazi. Liulize.

Mimi sikuliuliza. Ilikuwa mwaka 1984, nikiwa chuo cha ualimu, tukapewa kazi ya kuandika historia ya kijiji. Nikaenda maktaba hapa Moshi mjini, nikapata kitabu kimoja chenye jalada gumu kilichosema Wachaga walifundishwa kumwagilia na wamisionari. Kimoja tu. Cha pili sikukitafuta. Nikanakili aya nzima, nikabadilisha maneno mawili matatu, nikapata 18 kati ya 20.

Jumamosi nikapanda nyumbani na karatasi yangu, nikamsomea babu yako wakati bibi anapakua kiburu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hayo maneno ni ya nani?" Nikamjibu, "Ya kitabu, baba." Akainuka akaenda kulala bila kula.

Kabla hakujapambazuka akanigongea. Alikuwa na panga na jembe. Tukaufuata mfereji kwenda juu, tukapita migomba, tukapita kahawa za jirani, tukaingia korongoni mpaka banio, pale maji yanapogeuzwa kutoka mtoni kwa mawe na magogo. Babu yako akaweka mkono kwenye jiwe kubwa akanitajia waliochimba na waliofuata kuutunza, baba kwa mwana, vizazi saba, mpaka akafika kwake mwenyewe. Halafu akasema, "Umenifukuza kwenye mto wangu kwa kalamu."

Miaka zaidi ya arobaini imepita na nikiandika sentensi hiyo mkono bado unakuwa mzito. Niliteremka nikakata jani la isale, lile ambalo sisi Wachaga tunaombea msamaha, nikamrudia nalo kwa mikono miwili. Alilipokea. Ile karatasi sikumwonyesha mtu mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ningeweza kujua kwa mchana mmoja, palepale mezani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianza kazi Uchagani mwaka 1893. Harry Johnston, Mwingereza, alikuwa huku mlimani mwaka 1884 na aliikuta mifereji ikitiririka, akaisifu kwa maandishi. Weka miaka hiyo miwili bega kwa bega, kitabu changu kinaanguka chenyewe. Hapakuhitajika akili nyingi. Palihitajika kitabu cha pili.

Hata hivyo nisimfanye babu yako Biblia. Kwenye msiba mmoja mzee wa ukoo wa jirani alisimama akasema sehemu ya juu ya mfereji ule walichimba babu zao, sisi tuliuendeleza tu. Nilikasirika. Baadaye nikajiuliza: mfereji ukiwa wa ukoo fulani, nani anapanga zamu za maji? Ukoo huohuo. Kwa hiyo babu yako alikuwa shahidi mwenye haki yake ya kulinda, na yule mzee vilevile. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alirithi neno lake pamoja na maji.

Basi aliyeona kwa macho ndiye wa kuaminiwa? Niliwahi kuwafundisha wanafunzi hivyo. Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyepita huku akisafiri, aliiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, na Cooley, msomi wa London ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akabisha miaka kwa hoja za vitabuni. Von der Decken, msafiri Mjerumani, akaja mwaka 1861, na mwaka uliofuata akapanda mpaka theluji ikamwangukia. Nilikuwa naishia hapo: jicho limeshinda kitabu. Lakini Bwana Kheri, kiongozi wa msafara wa Rebmann, alikuwa anautazama weupe uleule, na alipoulizwa akasema hajui ni nini, labda ni baridi. Rebmann alitambua kwa sababu kwao Ujerumani aliishi na theluji. Jicho nalo linahitaji kujua kinachotazamwa. Kwa hiyo sasa sisemi tena kwamba jicho linashinda. Nasema neno lina mzazi, na mzazi naye ana alikotoka.

Uko Dar. Panda Mlimani, maktaba ya chuo kikuu ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki. Omba jarida la Tanganyika Notes and Records, lilianza mwaka 1936, baadaye likabadilishwa jina kuwa la Tanzania. Ukipata makala moja nzuri, usikimbilie kunukuu. Nenda kwenye marejeo yake uone nayo ilimsikia nani. Na ukitafuta kwenye kompyuta usiandike Wachaga peke yake. Andika Chagga, andika Chaga, na andika Dschagga kama walivyoandika Wajerumani, la sivyo utakosa maandishi yao yote na utadhani hayapo. Zile tovuti tatu usizitupe, lakini ukikuta zote zina sentensi moja iliyofanana, hesabu moja, si tatu.

Kuhusu mada, uibadilishe au uiache, nimeandika jibu hapa mara mbili na mara mbili nimelikata. Mama yako anasema nisikuamulie, digrii ni yako. Ana haki. Mada nyepesi ipo, na mwaka ni mfupi, na wewe ndiye utakayekesha. Ila baba yako mkubwa bado anakumbuka pembe iliyopulizwa kuita watu wafukue mfereji, na yule mzee wa ukoo wa jirani ana mwanawe anayekaa karibu na kanisa.

Nimemwambia baba mkubwa kwamba Desemba unakuja. Sikumwambia sababu. Ameuliza utakaa siku ngapi, na kama una viatu vya kufika banioni.

Ni mimi,
Baba yako