Usukani Mwepesi, Usukani Bubu

Maswali ya wasomaji kuhusu magari na uendeshaji

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Kwa miaka sita niliendesha Toyota Altezza yenye gia za mkono, nikaiuza mwaka jana na kununua Toyota 86 ya mwaka 2013 iliyotumika Japani. Gari ni jepesi, linakata kona vizuri, na sina lalamiko juu ya injini. Tatizo ni usukani. Katika Altezza nilikuwa nikijua kwamba tairi la mbele linaanza kuteleza kabla macho hayajaona. Katika hili ninazungusha tu, gari linakwenda ninakotaka, lakini mikono haiambiwi chochote. Aliyekuwa nalo kabla yangu alifunga rimu za inchi 18 zilizochomoza nje ya bodi na matairi mapana ya 235/40. Rafiki zangu wananishauri nibadilishe raki ya usukani (chuma chenye meno kinachogeuza magurudumu) na kufunga bushi ngumu, vile vipira vya kwenye viungo vya chini ya gari, kila mahali. Je, nianzie wapi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, fedha za raki zibaki mfukoni kwanza, kwa sababu barua yako yenyewe imebeba nusu ya jibu. Ni kweli kwamba umetoka kwenye usukani wa mafuta, yaani wa haidroliki, ukaingia kwenye usukani wa umeme, na jambo hilo lina athari zake. Lakini pia umerithi rimu na matairi ambayo waliolibuni gari hilo hawakuyakusudia, na kwa maoni yangu hayo ndiyo yanayokuziba masikio zaidi.

Tuanze na chanzo cha hicho unachokikosa. Itazame baiskeli ya kawaida kwa ubavuni. Uma wake haukusimama wima. Umelala kidogo kuelekea nyuma, kiasi kwamba ukichora mstari kupitia pale usukani unapozungukia hadi ardhini, mstari huo utagusa lami mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Tairi basi hufuata nyuma ya mstari huo kama ndama nyuma ya mama yake, na ndiyo maana baiskeli ikisukumwa hujinyoosha yenyewe. Magurudumu ya mbele ya gari yamefungwa kwa mwinamo wa namna hiyohiyo, ambao mafundi huuita kasta. Juu ya umbali unaoletwa na kasta kuna umbali wa pili, unaotokana na mpira wenyewe. Gari likiwa ndani ya kona, ile sehemu ya tairi inayogusa lami, ambayo ukubwa wake hauzidi sana kiganja cha mkono, hujipinda, na nguvu ya kushika kona haikai katikati ya sehemu hiyo bali nyuma yake kidogo. Nguvu hiyo hujaribu kuurudisha usukani katikati, nao ndio uzito unaousikia mikononi.

Uhondo wenyewe uko hapa. Kadiri unavyoongeza mwendo au kukaza kona, mpira wa nyuma katika kile kiganja huanza kuteleza kabla ya ule wa mbele; kitovu cha nguvu husogea mbele, na usukani huanza kulegea wakati tairi bado limebakiza uwezo kidogo wa kushika. Dereva hupata onyo kabla gari halijaanza kupitiliza kona. Ulichokuwa ukikisikia katika Altezza ni onyo hilo, na usukani mzuri ni ule unaolifikisha kwenye vidole bila kulipoteza njiani.

Katika usukani wa haidroliki, kijiti chembamba cha chuma hujisokota unapozungusha, hufungua vali, na mafuta yanayosukumwa na pampu ya mkanda husaidia kuisogeza raki. Katika 86 kijiti kipo vilevile, lakini kazi yake ni kupimwa na sensa. Kompyuta huamua kiasi cha msaada, na mota ya umeme huutoa kupitia gia. Mota hiyo ina uzito na msuguano wake, na gia huukuza uzito huo, hivyo mtetemo mdogo unaopanda kutoka kwenye tairi huchoka kabla haujafika juu. Kinachosalia huchujwa na programu, kwa kuwa wanunuzi wengi huuita mtetemo huo kero na hurudi dukani kuulalamikia.

Watengenezaji hawakuhama kwa ukorofi. Pampu huzungushwa na injini muda wote, hata gari likiwa limenyooka barabarani, ilhali mota hula umeme pale tu inapohitajika, na kwa hiyo mafuta ya gari huokolewa. Tena bila mota hiyo hakuna gari la kujiegesha lenyewe wala la kujirudisha ndani ya mistari. Honda waliweka usukani wa umeme katika NSX ya gia otomatiki tangu mwaka 1990. Porsche 911 ilipouacha usukani wa haidroliki mwaka 2011, katika kizazi kinachoitwa 991, wapenzi wake walilalamika kana kwamba wamefiwa. Wachache walikataa kuhama: Lotus Emira, iliyoonyeshwa mwaka 2021, inatumia haidroliki, na McLaren nao wamebaki na mafuta, ingawa pampu yao huzungushwa kwa umeme.

Turudi kwenye gari lako. Mhandisi mkuu wa 86, Tetsuya Tada, alikataa mambo matatu: tabo (turbo, kifaa cha kuongeza nguvu ya injini), kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, na matairi ya kushika kupita kiasi. Katika nchi nyingi gari hilo liliuzwa na matairi ya 215/45 R17, tairi la kawaida la barabarani, ili dereva aweze kufika kwenye ukingo wa ushikaji bila kukimbia mwendo wa kichaa. Sasa wewe umefungiwa 235, yaani tairi la upana wa milimita 235 badala ya 215. Mjini, ambako mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa, tairi la upana huo halitakuambia chochote kwa sababu hujaliuliza chochote. Tena rimu iliyochomoza nje imeihamisha katikati ya tairi mbali na mstari ambao gurudumu huzungukia, na matokeo yake kila shimo na kila mfereji uliochimbwa na malori huuvuta usukani upande wake. Wapo wanaoisifu mivuto hiyo wakidai kuwa ndiyo hisia ya barabara. Mimi naiita kelele, na kelele hufunika ule ujumbe mdogo tunaoutafuta. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta rimu za inchi 17 zenye vipimo vya kiwandani, zilizo nyepesi iwezekanavyo, na matairi mapya ya 215/45 ya kampuni inayoaminika. Tairi la mtumba, hata likiwa na kashata nene, mpira wake umekwishakauka, na mpira mkavu hausemi, huteleza ghafla.

Upepo ujazwe kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, nao upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi. Usikubali ile kauli ya kituo cha mafuta ya «tia arobaini, bosi, barabara mbaya».

Baada ya hapo ndipo uende gereji, na uende ukijua cha kukagua. Gari likiwa limenyanyuliwa mbele na kuwekewa stendi, shika tairi kwa mikono miwili, mmoja saa tatu na mwingine saa tisa, ulitikise. Kisha mmoja saa sita na mwingine saa kumi na mbili. (Kwa bahati nzuri hapa haijalishi kama unahesabu saa kwa Kiswahili au kwa Kizungu, mikono inaangukia palepale.) Mchezo wa kushoto na kulia kwa kawaida hutoka kwenye tairodi (fimbo zinazounganisha raki na magurudumu) au ncha zake, wa juu na chini hutoka kwenye beringi ya gurudumu au boljointi (kiungo cha mpira wa chuma). Mwenzako aketi ndani akizungusha usukani kidogo kidogo, wewe ukiwa umeweka kidole kwenye kila kiungo, na kiungo kilicholegea utakisikia kikigonga kabla hujakiona. Milimita moja ya ulegevu hapo inatosha kuumeza ujumbe wote. Nasema hivi kwa uchungu: miaka kadhaa iliyopita nilibadilishiwa raki nzima katika gereji moja, nikalipa, nikaondoka, na usukani ukabaki vilevile. Kumbe ilikuwa bushi ya nyuma ya mkono wa chini (chuma kinacholishikilia gurudumu kwa chini), iliyopasuka upande usioonekana bila kulala chini ya gari.

Wili alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, ifanywe mwisho, viungo vikiwa vizima, na udai karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Gereji nyingi hugusa tairodi tu na kukuambia kazi imekwisha. Wewe uliza kasta ya kushoto na ya kulia; zikitofautiana sana, kuna kitu kimepinda, na hakuna kurekebisha tairodi kutakakoponya. Usishawishike pia kuongeza kasta kupita kiasi kwa kutafuta uzito. Kasta nyingi huufanya usukani kuwa mzito na kujirudisha kwa nguvu, lakini uzito huo haupungui tairi linapokaribia kuteleza, kwa hiyo lile onyo dogo linazama ndani yake.

Kuhusu bushi ngumu, sikubaliani na rafiki zako. Bushi za polyurethane (plastiki ngumu) kila mahali, kwa barabara zenye matuta kama zetu, zitakupa gari linalopiga kelele kama kabati la vyombo, na baada ya miezi mitatu utachoka. Ukipenda, funga ngumu kwenye raki na kwenye bushi ya nyuma ya mkono wa chini, kwingine kubaki mpira mpya wa kiwandani. Na kabla hata ya hayo, sogeza kiti mbele mpaka kifundo cha mkono kiweze kupumzika juu ya usukani bila mgongo kuachana na kiti, kisha ushike kwa vidole badala ya kuukaba. Mkono uliokaza hausikii, hata kwenye Altezza.

SWALI: Habari za kazi, mwandishi wetu. Nimeonyeshwa Subaru mbili za mwaka 2016 zilizotoka Japani, WRX S4 na WRX STI. Muuzaji ananiambia STI bado ina usukani wa mafuta na kwa hiyo ni bora kwa dereva. Je, ni kweli, na je, mafuta hayo hayatanisumbua?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Muuzaji amesema kweli kuhusu mafuta. Katika kizazi hicho kilichoanza mwaka 2014, S4 ilipewa usukani wa umeme na STI ikaachiwa haidroliki, yenye raki ya haraka ya uwiano wa 13 kwa 1 (usukani ukizungushwa digrii 13, gurudumu hugeuka digrii moja), na ikabaki hivyo mpaka ilipoacha kutengenezwa. Ila neno «kwa hiyo» lake ndilo lenye walakini. Haidroliki peke yake si dhamana. Magari makubwa ya Marekani ya miaka ya 1960 na 1970 yalikuwa na haidroliki, na uliweza kuyazungusha kwa kidole kimoja bila kujua kama matairi yapo. STI inasema kwa sababu raki, bushi, matairi na mafuta vyote vilipangwa kwa nia hiyo.

Tofauti utakayoisikia kila siku, hata hivyo, itakuwa kwenye mguu wa kushoto. S4 hiyo iliuzwa na gia otomatiki isiyo na hatua (CVT) tu, na STI na gia sita za mkono. Ikiwa unatafuta gari linalokushirikisha katika kuendesha, hilo lina uzito kuliko usukani.

Kabla ya kulipa, fungua kopo la mafuta ya usukani na uchovye karatasi nyeupe. Yakiwa mekundu ni heri. Yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, pampu imeteseka. Pitisha kidole chini ya mipira ya shinikizo uone kama inatoa jasho, kisha zungusha usukani gari likiwa limesimama na usikilize kama pampu inaguna. Ukilinunua, usiwe na mazoea ya kuubana usukani mwisho wa mzunguko wakati wa kuegesha, maana shinikizo hupanda hapo na pampu hupashwa moto bure.

SWALI: Shikamoo mzee. Gari langu la Kijerumani lina kitufe cha Sport. Nikikibonyeza usukani unakuwa mzito na ninajisikia raha, lakini mume wangu ananicheka na kusema nimeuziwa hewa. Nani mkweli?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo ana haki kwa sehemu kubwa, ingawa kicheko angekipunguza. Kitufe hicho huiamuru mota ipunguze msaada, basi. Mikono inafanya kazi zaidi, lakini kinachotoka kwenye tairi ni kilekile na kichujio ni kilekile. Ni sawa na kuongeza sauti ya redio ambayo haijashika stesheni. Mwendo ukiwa mkubwa kwenye barabara kuu, uzito huo una faida yake, kwani mkono hautikisi gari ovyo.

Magari mengi ya aina hiyo hukuruhusu kupanga kila kitu peke yake. Ingia kwenye mipangilio, weka injini kwenye Sport na usukani kwenye Comfort, uendeshe hivyo wiki nzima katika njia uliyoizoea, pamoja na siku ya mvua. Ukipita kwenye kipilefti polepole, sikiliza kama usukani unabadilika mkononi lami inapotoka kwenye ukavu kuingia kwenye maji. Ukiona unabadilika, uache usukani huo kwenye Comfort.