Tumbaku ya kiko inayonuka moshi: kali au laini?

SWALI: Mzee, salamu. Baba mkwe wangu amenipa kiko chake cha mti baada ya daktari kumkataza kuvuta. Nikanunua katikati ya jiji mkebe wa gramu 50 wa mchanganyiko wa Kiingereza, na muuzaji akaniapia kwamba ni laini, unamfaa mtu anayeanza. Kuufungua tu, ukanuka kama nyama iliyokaushwa kwa moshi. Mama watoto akauliza ni nani anayechoma matairi. Nilipovuta, ulimi uliwaka hata kesho yake chai haikunywika. Rafiki yangu wa kazini anasema nimeuziwa tumbaku kali, eti niitie asali kidogo na kipande cha tufaha mkebeni ili ukali upungue. Tufaha tayari nimeweka. Nitapimaje kama tumbaku hii ni laini kweli, na kama ni nzuri? Tena, ni kweli kiko hakidhuru kwa kuwa moshi wake haumezwi? Msomaji wako, Buruburu.

JIBU: Litoe hilo tufaha kwanza. Nitarudi kwake, ila lisilale humo usiku mwingine.

Barua kama yako huniijia mara kwa mara, na kosa lililomo ni lilelile: mtu ananusa moshi, halafu anatoa hukumu juu ya ukali. Rafiki yako alinusa mkebe akasema kali. Angenusa mfuko wa tumbaku ya vanila angesema laini, na mara zote mbili angekuwa anabahatisha. Ukali wa tumbaku ni nikotini. Nikotini iliyo ndani ya jani huwezi kuijua kwa kunusa mkebe, hata ukiwa na pua ya mbwa wa polisi.

Hiyo harufu iliyomkera mama watoto inatoka kwenye jani moja tu kati ya yale yaliyochanganywa, nalo huitwa Latakia. Ni tumbaku ya jamii ya Orientali, yenye majani madogo. Ikishakauka huning'inizwa ghalani na kufukizwa kwa majuma kadhaa, kwa moshi wa miti na vichaka vya kunukia: misonobari, mialoni, mihadasi. Jina ni la bandari ya Latakia kule Syria, ingawa siku hizi sehemu kubwa ya ile inayouzwa hutoka Kupro. Kufukizwa huko kunalitia jani rangi nyeusi na harufu, kama udi unavyoingia kwenye nguo. Hakuliongezei nikotini hata chembe. Na majani ya Orientali, tangu shambani, ni miongoni mwa yenye nikotini ndogo. Kwa hiyo lile jani linalokutisha puani ndilo pengine la upole kuliko yote mkebeni mwako.

Sasa mpe rafiki yako Kentucky, tumbaku inayokaushwa kwa moto wa kuni. Hulimwa Kentucky na Tennessee huko Marekani, na hapa karibu Malawi. Nayo inanuka moshi, lakini hiyo ni nzito kwelikweli. Mvutaji mgeni huishia kukaa kitako ukutani. Kisha mpe Burley. Haina moshi kabisa, inanukia karanga na kakao, na ndiyo msingi wa tumbaku nyingi zinazotiwa vanila na cheri. Burley ina nikotini ya kutosha kukuangusha, ila imevaa marashi. Hapo utaona kwa nini sina subira na watu wanaopima ukali kwa kunusa.

Mchanganyiko laini wa Kiingereza, kama wengi wetu tulio katika kazi hii ya kupima tumbaku tunavyouelewa, una Virginia, jani lenye sukari nyingi, kama msingi, Orientali kiasi, na Latakia kati ya asilimia 10 na 20 hivi. Mizito hukaribia nusu. Hakuna sheria inayopanga viwango hivyo. Kila mchanganyaji na mizani yake. Kuitwa wa Kiingereza nako kuna historia: zamani sheria za Uingereza ziliwabana watengenezaji wasitie sukari na manukato ovyo, basi ladha ikabidi itoke kwenye jani lenyewe na namna lilivyokaushwa.

Ukali hauamuliwi na pua wala ulimi. Unauona mwilini, dakika 10 au 20 baada ya kuanza kuvuta. Kwikwi ndiyo ishara ya kwanza ambayo wengi huipuuza. Hufuata mate mengi, kizunguzungu, jasho baridi kwenye paji la uso, kichefuchefu. Wewe katika barua yako hukutaja hata moja ya hizi. Umetaja ulimi tu. Kwa ushahidi wako mwenyewe, basi, tumbaku hiyo haikuwa kali.

Ulimi uliungua kwa sababu nyingine, na hapa wa kulaumiwa ni wawili: Virginia na wewe. Virginia hukaushwa bandani kwa joto la mabomba, linalopandishwa hatua kwa hatua mpaka nyuzi 70 na ushei. Ni mabanda yaleyale ya wakulima wa tumbaku unayoyaona ukipita Kuria. Joto hilo huzuia sukari ya jani isiliwe, ikabaki nyingi. Ukivuta haraka, jani lenye sukari huungua kwa moto mkali, na kama lina unyevu, unavuta mvuke moto moja kwa moja hadi kwenye ulimi. Mtu aliyezoea sigara huvuta kiko kama anafukuza basi. Kiko kinataka pumzi moja au mbili ndogo kwa dakika. Kikizimika, kiwashe tena, hakuna aibu. Kiko kikiwa moto hadi hukishiki, kiweke chini. Na kabla ya kujaribu tena, pumzisha ulimi siku kadhaa, maana ulimi ulioungua haupimi kitu.

Unyevu ndilo jambo ambalo ningekuomba ulishughulikie kabla ya lolote. Mikebe mingi hufungwa tumbaku ikiwa na maji kuliko inavyofaa kuvutwa, ili isafiri na kukaa. Wengi wetu hupendelea asilimia 12 hadi 14, lakini huhitaji kipimo. Bana kiasi kidogo kati ya vidole kisha uachie. Ikibaki donge, ni mbichi mno. Ikiwa unga, imekauka mno. Ikifunguka taratibu na kurudi kuwa nyuzi huku bado ni laini mkononi, hapo ndipo. Ikiwa mbichi, itandaze juu ya karatasi nyeupe mezani. Hapa Nairobi, Januari au Februari, nusu saa inatosha. Julai, kukiwa na ule ubaridi wa mawingu, iache hata saa moja na nusu. Usiipeleke karibu na jiko. Harufu nzuri ndiyo inayotangulia kutoroka.

Halafu kuna hicho kiko chenyewe. Kiko cha mti kilichovutiwa miaka mingi kimenywa kila kilichopitia humo, na kama baba mkwe alipenda tumbaku za vanila, utakuwa unaonja vanila yake ya zamani ukidhani ni mchanganyiko wako. Ndani ya bakuli, pale tumbaku inapojazwa, kuna ukoko wa kaboni. Ukizidi milimita moja au moja na nusu, upunguze kwa kifaa chake, si kwa kisu cha jikoni, ambacho hukwangua mti wenyewe. Pitisha vijiti vya kusafishia ndani ya shina mpaka vitoke safi. Kwa kupima, mimi ningetumia kiko cha gunzi la mahindi. Ni cha bei ndogo, hakina kiburi, na kikiwa kipya hakina ladha za watu wengine. Wamarekani wamekuwa wakivitengeneza Missouri tangu karne ya 19, na wapimaji makini hawaoni haya kuwa navyo.

Jaza bakuli kwa mkono mwepesi chini, ukikaza kidogo juu. Washa, iache ivimbe, ishindilie polepole, kisha washa tena. Theluthi ya kwanza usiitolee hukumu. Moto wa kiberiti na Latakia iliyo juu vinapiga kelele pamoja. Hukumu ianze katikati. Ukitaka kuhisi vizuri, toa moshi kidogo tu uliomo mdomoni kupitia puani, bila kuupeleka kifuani. Virginia iliyokomaa utaipata kama nyasi kavu au mkate uliotoka tanuri. Orientali huleta uchachu mdogo na viungo pembeni ya ulimi. Latakia katika mchanganyiko laini inapaswa kukaa nyuma. Ukifika katikati ya bakuli ukawa huonji chochote ila moshi, Latakia imezidi, au Virginia iliyotumika ni dhaifu na hakuna aliyejali. Ukionja uchungu wa chuma, mara nyingi ni kiko kichafu. Kunywa maji ya kawaida katikati, si chai ya tangawizi, na pima siku tofauti kabla ya kusema lolote. Rangi ya majivu wanayoisifu watu vibarazani, eti majivu meupe ni ubora, iache ilivyo. Angalia tu kama chini ya bakuli kumebaki matope. Yakibaki, ulijaza tumbaku mbichi.

Sasa kuhusu asali na tufaha, na mniwie radhi kwa ukali wa kalamu.

Nimekwisha kueleza kwamba ni joto na mvuke, pamoja na sukari ya jani, vilivyokuchoma. Dawa ya rafiki yako ni kuongeza sukari na maji. Asali haitapunguza nikotini yoyote. Itaganda bakulini, itaungua kwa joto zaidi, na itakupa ulimi mwingine wa kuuguza. Tufaha ni baya zaidi, kwa sababu linaonekana halina hatia. Kipande cha tunda ndani ya mkebe uliofungwa, katika kabati la nyumba ya Nairobi msimu wa baridi, ni kitalu cha kuvu. Kagua sasa hivi mahali lilipogusa. Ukiona manyoya ya kijivu, meupe au ya kijani, au mkebe ukitoa harufu ya chumba kilichofungwa, usichague sehemu safi, tupa yote. Usimsikilize atakayekuambia hiyo ni chembe ya ukomavu. Tumbaku ya zamani kweli hutoa wakati mwingine fuwele ndogo zinazong'aa juu ya jani, lakini hizo hazina manyoya wala uvundo, na hazitokei wiki moja baada ya kutia tufaha. Tumbaku iliyokauka hurudishwa unyevu kwa kitambaa kilicholowa maji safi, kikavutwa juu ya bakuli pana bila kugusa jani, kwa saa chache, ukigeuza.

Kuna wengine wanaotia wiski. Kilevi hupaa, maji yanabaki, nawe umeharibu vitu viwili kwa mpigo. Kuna wanaouziwa tumbaku ya shisha waijaze kwenye kiko. Hiyo imeloweshwa kwenye molasi na gliserini ili ipashwe moto na makaa kutoka juu, haikukusudiwa kuwashwa yenyewe, na shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017. Na kuna hawa wenye mifuko ya plastiki isiyo na jina, wanaopulizia manukato ya keki juu ya makapi ya tumbaku na kukuambia ni ya Uingereza. Hujui kilicholowa humo. Mkebe halali nchini unapaswa kuwa na stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na onyo la afya kwa Kiswahili na Kiingereza. Ukikosa, huna msingi hata wa kuanza kupima ladha.

Muuzaji aliyekuapia kwamba ni laini, alikuwa anauza faraja. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu udhibiti wa tumbaku, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, unataka pakiti zisiwe na maneno ya aina hiyo yanayomfanya mnunuzi adhani bidhaa moja ina madhara madogo kuliko nyingine. Tunapozungumza upole sisi wapimaji tunazungumzia ladha na wingi wa nikotini. Hatuzungumzii mapafu yako.

Hapo nakuja kwenye swali lako la mwisho, ambalo ulipaswa kuliweka mbele. Si kweli. Moshi wa tumbaku nyingi za kiko, hasa zenye Burley, una ualkali (kinyume cha asidi) zaidi kuliko wa sigara, na nikotini katika moshi wa namna hiyo hupenya ngozi laini ya ndani ya mdomo bila kusubiri mapafu. Ndiyo maana mtu hupata kwikwi bila kumeza moshi. Uhusiano wa kiko na saratani ya mdomo wa nje ulitajwa rasmi katika ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani mwaka 1964, na tangu hapo orodha imeongezeka: kinywa, koo, umio, mapafu pia. Aliyezoea sigara akihamia kiko, aghalabu huendelea kuupeleka moshi kifuani bila kujua. Muulize baba mkwe daktari alimwambia nini hasa kabla hujakirithi kiko pamoja na sababu ya kukiacha.

Ukiamua kuendelea baada ya hapo, usivute sebuleni watoto wakiwepo, wala kwenye ngazi za ploti. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta maeneo ya umma yasiyotengwa, na Latakia haifichiki. Majirani watakujua kwa ghorofa. Mkebe ukiwa haujashika kuvu, tandaza tumbaku, ikaushe, ipime kwa kiko cha gunzi. Ukiwa umeshika, utupe, na usimpe mlinzi wa geti ati ni msaada.